Gari linapiga stata lakini haliwaki? Usikimbilie kununua betri

Upo Mkange, umetoka Miono unaelekea Saadani. Umezima gari dakika kumi tu. Unageuza ufunguo, stata inazunguka vizuri, lakini injini haiwaki. Duka la spea liko mbali, na wa kwanza kufika anakwambia: "Betri hiyo, boss."

Hapana. Kama stata inazunguka kwa kasi ya kawaida, betri imeshafanya kazi yake. Iangalie tu kama mzunguko ni wa kivivu. Injini ya petroli inataka mafuta, cheche ya plagi kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimojawapo kimekosekana. Usiendelee kupiga stata mfululizo: sekunde kumi, kisha pumzisha, la sivyo hata hiyo betri nzima utaimaliza.

Kwanza tazama dashibodi. Weka swichi ON bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, huenda kompyuta ya gari haipati umeme, kwa hiyo anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi tafuta iliyoandikwa EFI. Ikiwa imeungua, weka ya ampia zilezile, siyo kipande cha waya! Na kama kuna taa ya ufunguo inayomweka bila kukoma, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu wa akiba.

Sasa mafuta. Wengi wanakwambia weka ON usikilize pampu ikilia. Kwa Toyota nyingi kipimo hicho kinadanganya, maana pampu haianzi mpaka stata izunguke. Mtu mmoja apige stata, mwingine aweke sikio karibu na kiti cha nyuma. Kukiwa kimya, kagua fyuzi na rilei kabla ya kuihukumu pampu. Ukigonga tangi taratibu kwa chini na gari likawaka, pampu inakaribia kufa. Nenda kwa fundi, siyo Saadani.

Umejaza petroli ya kidumu njiani? Chukua kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, iache itulie, mbali na moto na sigara. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini utayaona. Ila mafuta ya taa au dizeli hayajitengi hivyo, kwa hiyo chupa kuonekana safi siyo ushahidi kamili.

Pampu inalia na petroli inanuka kwenye ekzosi? Hapo mshukiwa ni cheche. Kwa magari mengi ya kisasa, kanyaga mafuta mpaka chini huku ukipiga stata: kompyuta inakata petroli na plagi zilizolowa zinapata nafasi ya kukauka. Isiposaidia, muachie fundi. Kushika koili kwa mkono ili kuona kama "ina moto" ni kucheza na maelfu ya volti.

Kuna tatizo moja linalosumbua kuliko yote: gari linazima likiwa na joto, likipoa linawaka kama halijawahi kuumwa. Mara nyingi ni sensa ya krenki. Tazama mshale wa mizunguko unapopiga stata. Kwa magari mengi unapaswa kutikisika kidogo, na ukilala kabisa kwenye sifuri, una dalili ya maana mkononi.

Kuna hali mbili za kuacha stata mara moja. Ya kwanza ni injini kuzunguka kiwepesi kuliko kawaida, kama haina mzigo. Mkanda wa taiming unaweza kuwa umekatika, na kuendelea kunaweza kupinda valvu. Ya pili ni kama umetoka kuvuka maji ya masika. Fungua boksi la filta ya hewa kwanza. Filta ikiwa imelowa, huenda maji yameingia kwenye silinda, na maji hayagandamiziki. Kitakachopinda ni koneti.

Ukimpigia fundi wa Bagamoyo au Chalinze, usimwambie tu "gari limegoma". Mwambie: stata inazunguka, taa ya injini inawaka, pampu inalia, petroli inanuka, mshale hautikisiki. Akipanda bodaboda, atajua abebe pampu au sensa.