Bosi akikunyima likizo ya mzazi: usiombe, mtaarifu

Wengi wetu tunaopanda treni namba 19 pale Rågsved alfajiri, kwenda kusafisha ofisi au kwenye mjengo, tumeshasikia jibu hili: "Mwezi huo kazi ni nyingi, siwezi kukuruhusu." Mtu anainamisha kichwa, anarudi kazini. Kumbe kwa likizo ya mzazi, bosi wa Sweden hana ruhusa ya kutoa wala kunyima.

Sheria ya mwaka 1995, föräldraledighetslagen, inampa kila mwajiriwa haki ya kukaa na mtoto mpaka afikishe miezi 18, alipwe asilipwe. Hata kama umeajiriwa juzi tu. Unachodaiwa ni kumtaarifu mwajiri miezi miwili kabla, au mapema uwezavyo, na kumwambia utakuwa nje muda gani. Tarehe mnaweza kujadili, lakini ukitaka kutoka kazini kabisa na msipoelewana, zinafuatwa zako.

Kwa hiyo neno "naomba" ndilo linalotuponza. Tuma ujumbe wa simu au barua pepe: "Jag kommer att vara föräldraledig från 1 mars till 31 augusti." Basi. Tunza nakala, maana maneno ya kwenye chumba cha kubadilishia nguo kesho hayana shahidi. Mtoto akiugua ghafla hakuna miezi miwili. Unapiga simu asubuhi hiyohiyo, unasema una vab.

Akikufukuza au kukupunguzia saa kwa sababu hiyo, amevunja sheria, na kufukuzwa huko kunaweza kubatilishwa. Ila muda ni mfupi: una wiki mbili za kumjulisha kwamba unapinga. Usitie saini karatasi usiyoielewa, hasa inayosema umeacha kazi mwenyewe. Nenda chama cha wafanyakazi: wasafishaji Fastighets, wajenzi Byggnads. Jiunge sasa, kabla ya ugomvi, kwani chama kwa kawaida hakibebi kesi iliyoanza kabla hujawa mwanachama. Usiye na chama unaweza kulalamika kwa Diskrimineringsombudsmannen, bure.

Sasa pesa, na hapa ndipo panauma. Försäkringskassan hulipa siku 480 kwa kila mtoto: siku 390 kwa kufuata mshahara wako, karibu asilimia 80, na siku 90 kwa krona 180 tu. Lakini kwa siku 180 za kwanza, ili ulipwe kwa mshahara wako, lazima uwe umefanya kazi ya mshahara unaohesabika siku 240 mfululizo kabla ya mtoto kuzaliwa. Aliyekuwa akipewa noti mkononi, bila kodi, anashuka mpaka krona 250 kwa siku. Ile "nafuu" ya kukwepa kodi inakudai siku hiyo. Na kama mahali pako pana mkataba wa pamoja, uliza kuhusu föräldrapenningtillägg ya Afa Försäkring, nyongeza ambayo wengi wetu hatujui hata kuidai.

Jambo moja tunaulizwa sana: mtoto aliye Kisumu au Tanga kwa bibi yake? Malipo haya kwa kawaida ni ya mtoto anayeishi hapa Sweden. Usiyapangie bajeti.

Na nyumbani waambie mapema, kabla ya likizo, kwamba ukizoea kutuma krona 2,000 kwa mwezi, kwa miezi kadhaa itakuwa 1,000. Wakiijua sababu watapanga ada ya shule upya. Wasipoijua, simu za saa tano usiku zitaanza.