Udongo wa mlimani, bili ya maji mjini

MAMA lishe, mwenye saluni na mwenye karakana ndogo mjini Morogoro wana mbia mmoja katika biashara zao ambaye huenda hawajawahi kukutana naye. Ni mkulima wa nyanya na mahindi anayelima kwenye miteremko na mabonde ya mito inayoingia Bwawa la Mindu.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini humo hutoka kwenye bwawa hilo, lililojengwa katika Mto Ngerengere, kilomita chache kutoka mjini kando ya barabara kuu ya Iringa. Kazi yake ni kama ya ghala la mazao: hupokea maji mengi ya masika na kuyatunza hadi kiangazi, mito inapobaki vijito.

Kutoka bwawani maji husafirishwa kwa bomba hadi mtambo wa Mafiga. Hapo hutiwa shabu, dawa inayokusanya chembe za tope kuwa mabonge yanayozama. Kisha huchujwa kwenye mchanga na kutiwa klorini kuua vijidudu, ndipo yapelekwe kwa wateja. Mtambo huo, pamoja na ule wa Mambogo unaotumia maji ya mlimani, ulikarabatiwa kwa fedha za Marekani kupitia MCC, katika mpango wa miaka mitano ulioanza mwaka 2008.

Hasara ya pande mbili

Hata hivyo, mtambo hauwezi kurudisha nafasi iliyojaa tope bwawani. Shamba la mteremko likilimwa bila matuta wala majani, mvua hubeba udongo wa juu hadi mtoni. Maji yakitulia bwawani, udongo huzama, na nafasi ya kuhifadhi maji hupungua. Maji yakichafuka zaidi, shabu nyingi zaidi huhitajika. Mwisho wake ni gharama kupanda na mgawo wa maji wakati wa kiangazi.

Mkulima naye hapati faida. Udongo uliokwenda ndio uliokuwa na rutuba, pamoja na mbolea aliyoinunua kwa fedha yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Lakini amri peke yake haitoshi. Mwaka 1955 Waluguru waliokuwa wakilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi waligoma, zikazuka ghasia, na mpango ule ukaachwa.

Nusu karne baadaye ilijaribiwa njia nyingine huko Kibungo Juu, upande wa Uluguru unaomwaga maji Mto Ruvu. Kupitia mradi wa CARE na WWF, wakulima walichimba matuta, wakapanda miti na nyasi, wakalipwa. Walionunua huduma hiyo walikuwa watumiaji wa maji ya Ruvu: DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza.

Kwa mkulima wa bonde la Mindu, hatua za kuanzia hazihitaji mtaji mkubwa: kulima kwa kukinga mteremko, kuchimba fanya juu, na kupanda mabingobingo kwenye kingo za matuta, ambayo pia ni malisho ya ng'ombe. Kinachohitaji fedha ni siku nyingi za jembe. Kwa kuwa faida yake inafika hadi kwenye bomba la mjini, si haki gharama hiyo ibebwe na mwenye shamba peke yake.