Homa kwa Mgonjwa Mwenye Katheta Isisubiri Kesho

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huwa nyumbani kwake siku nyingi za wiki. Kwa kawaida huenda hospitali mara 2 au 3 kwa wiki, kisha hurejea kwa familia yake akiwa na mrija laini uliotokeza shingoni au kifuani. Mrija huo, uitwao katheta, hupita ndani ya mshipa mkubwa wa damu, na ncha yake hufika karibu na moyo. Ndiyo njia ya damu kwenda kwenye mashine na kurudi mwilini. Ndiyo pia njia ya mkato ambayo bakteria huweza kuitumia kuingia katika damu.

Wengi wa bakteria hao huishi juu ya ngozi bila kudhuru. Hupenya pembezoni mwa tundu la katheta, au kupitia vifuniko vyake vinaposhikwa kwa mikono isiyo safi. Wakishaingia, hujishikiza kwenye kuta za mrija na kujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Kwa sababu hiyo, mara nyingine mgonjwa haponi mpaka katheta iondolewe.

Maambukizi haya yanazuilika. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya mpango ulioongozwa na Dkt. Peter Pronovost katika wodi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi, nyingi zikiwa katika jimbo la Michigan, Marekani. Watumishi walizingatia mambo 5: kunawa mikono, kuvaa barakoa, kofia, glovu na gauni safi, na kumfunika mgonjwa shuka lililotakaswa, kusafisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja inapowezekana, na kuondoa katheta isiyohitajika tena. Maambukizi yalipungua kwa hadi asilimia 66.

Nyumbani, wajibu huo ni wa mgonjwa na wanaomuuguza. Bendeji ibaki safi na kavu. Ikilowa au kubanduka, wahudumu wa kitengo cha kusafisha damu wajulishwe mara moja. Mgonjwa asijimwagie maji kifuani wala kuoga mtoni, bali ajifute kwa kitambaa. Vifuniko visifunguliwe nyumbani, na katheta isitumiwe kuwekea dripu isipokuwa kwa maelekezo ya kitengo hicho. Mkasi na wembe viwekwe mbali nayo. Ikichomoka, tundu libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, na mgonjwa awahishwe hospitali.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Homa, baridi ya kutetemeka, hasa wakati wa kusafishwa damu au muda mfupi baadaye, kuchanganyikiwa, udhaifu wa ghafla, pamoja na wekundu, maumivu au usaha kwenye tundu, ni dalili za dharura. Familia nyingi huidhania homa hiyo kuwa malaria. Kipimo cha malaria kina nafasi yake, lakini hata kikionyesha ugonjwa huo, mgonjwa mwenye katheta bado anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani maambukizi ya damu huweza kuua kwa muda mfupi.

Wananchi wanashauriwa wasimnunulie mgonjwa huyo viuavijasumu dukani. Hospitalini, damu huchukuliwa kwanza ili bakteria waoteshwe maabara na kutambuliwa, kisha dawa huanza kupitia mshipa bila kusubiri majibu. Vidonge vilivyomezwa kabla huweza kuficha bakteria hao na kuchelewesha tiba sahihi.

Mgonjwa atakayesafishwa damu kwa muda mrefu amuulize daktari kuhusu upasuaji wa kuunganisha mishipa ya mkononi. Njia hiyo huhitaji wiki kadhaa kukomaa, lakini maambukizi yake ni machache kuliko ya katheta. Aidha, mgonjwa ana haki ya kumuuliza kwa heshima mhudumu yeyote anayeikaribia katheta iwapo amenawa mikono.