Gari Inamisi? Usikimbilie Dukani

Corolla ya baba ya mwaka 1998 ndiyo teksi inayonilipia ada. Likizo iliyopita ikaanza kumisi: ikisimama inatetemeka, mlimani haina nguvu. Fundi akataka tununue plagi zote, koili na pampu ya mafuta. Yaani ada yangu yote.

Kumisi ni silinda moja kutochoma mafuta vizuri. Kwa hiyo kwanza tafuta ni silinda ipi. Kwenye gari za zamani zenye distribyuta, zima injini, chomoa waya wa plagi moja, washa sekunde chache, sikiliza. (Usichomoe injini ikiwa inawaka, shoti yake si ya kitoto.) Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, rudisha waya, jaribu inayofuata. Usiposikia tofauti, umeipata.

Sasa hamishia plagi yake silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Isipohama, badilishana waya vilevile. Ikigoma kabisa, apimwe mgandamizo, na hapo fundi anahitajika kweli.

Yetu ilikuwa namba 3. Plagi nzima, ila waya umepasuka. Usiku tulifungua boneti tukaona cheche zikirukia kwenye chuma. Baba alinunua waya tu, kesho yake akarudi kijiweni.