Maji mengi katika zege, mtaji hupotea
Wanaojenga fremu za maduka huangalia zaidi bei ya saruji, na kusahau maji. Mfuko wa kilo 50 ukichanganywa na mchanga, kokoto na lita 25 za maji hutoa zege imara. Mafundi wakifikisha lita 35 ili kurahisisha kazi, nguvu hupungua kwa zaidi ya robo, kwani maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu. Mchanga wenye udongo hudhoofisha zege. Wenye chumvi hutia nondo kutu.

Saruji hushika kwa kuungana na maji, si kwa kukauka. Hivyo zege limwagiliwe angalau siku 7. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Gharama ya kumwagilia ni ndogo kuliko ya kubomoa nguzo.