Umefikia Wapi?

Mtu wa Lamu akishuka basi Mombasa, salamu zikiisha tu, jamaa zake humuuliza swali moja: "Umefikia wapi?" Hawakuulizi umekuja kufanya nini, wala utarudi lini. Na ole wako ujibu kuwa umefikia hotelini.

Mimi nililijibu hivyo siku moja mbele ya shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye amelala kitanda cha hospitali. Alinitazama kitambo, kisha akasema kwa sauti ya ugonjwa: "Hotelini? Kwani sisi tumekufa?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, nami nikacheka. Lakini neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Wengi wetu twaenda Mombasa kwa siku mbili tatu. Huyu ana arusi, yule ana mgonjwa, mwingine afuata hati ya kusafiria. Hata sisi tuliozaliwa na bahari mlangoni hupenda kuwapeleka watoto wakaione bahari ya wenzetu. Kila mmoja hukata shauri la mahali pa kulala kwa haraka, kama jambo dogo. Mimi nimekosea mara mbili katika jambo hili, na kosa la pili sikupata nafasi ya kulirekebisha.

SABULE

Zamani swali hili halikumsumbua mtu. Majumba ya mawe ya wazee wetu yalijengwa kwa kujua kuwa mgeni atakuja. Nje kulikuwa na daka na mabaraza yake ya mawe, na mgeni wa maongezi aliishia hapo, akapewa kahawa yake na kwenda zake. Mgeni wa kulala alipewa sabule, nacho ni chumba kilichotengwa na ndani kwa wenyewe. Mfanyabiashara aliyekuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi aliweza kukaa miezi, akingojea kusi ivume apate kurudi Arabuni au Bara Hindi. Muda wote huo wanawake wa nyumba waliendelea na shughuli zao katika sitara yao, na mgeni naye alikuwa na heshima yake.

Leo neno limebaki na chumba kimetoweka. Ukisema "sebule" watu hufahamu chumba cha makochi na televisheni, ambamo nyumba nzima hukaa mpaka usiku. Mgeni wa kulala hungoja wenyewe watosheke na vipindi ndipo atandikiwe godoro. Ukarimu wetu ni ule ule, lakini nyumba zetu si zile.

GODORO

Safari ya kwanza nilifikia kwa binamu yangu, mtoto wa shangazi huyo, katika fleti ya vyumba viwili mtaa wa Tudor. Wao walikuwa watu saba. Sisi tulikuwa wanne, mimi na mke wangu na watoto wawili. Binamu alitupa chumba chake mwenyewe na kitanda chake. Nilipokataa, alikasirika kweli kweli.

Usiku wa pili niliamka saa nane kutafuta maji ya kunywa. Nikamkuta binamu yangu amelala chini jikoni, baina ya mtungi wa gesi na ndoo za maji, amejikunja kama mtoto. Binti zake, waliokuwa na mitihani wiki ile, walikuwa wamepelekwa kulala kwa jirani. Nilirudi chumbani polepole bila ya kunywa maji yale. Alfajiri alinipokea kwa tabasamu, kofia kichwani, ati ametoka kulala kwa rafiki yake karibu na msikiti. Nami nikajifanya nimesadiki.

Tulikaa siku nne. Sote twajua mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Lakini mara nyingi husahau sehemu inayofuata, kwamba mgeni naye hana ruhusa ya kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Sehemu ya kwanza twamsomea mwenyeji. Ya pili hapana wa kumsomea mgeni.

SHANZU

Kwa hivyo safari ya pili niliapa sitamlaza mtu jikoni tena. Habari zilikuja kuwa shangazi amelazwa hospitalini kisiwani. Ilikuwa mwezi wa Mei, wakati wa masika, ambapo hoteli nyingi za ufukweni hupunguza bei kwa uchache wa watalii. Basi la kutoka Malindi hupita Mtwapa, kisha Shanzu na Bamburi, ndipo lifike Nyali na kuvuka daraja kuingia kisiwani. Nikaona hapana mahali bora kama Shanzu. Tungeshuka njiani, watoto wapate bahari, nami nipate nafasi ya kwenda kumtazama mgonjwa. Shanzu na mjini ni kiasi cha kilomita 15 tu.

Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu, na hapo ndipo nilipoulizwa lile swali. Baada ya kucheka, shangazi alinishika mkono akasema: "Kesho niletee watoto niwaone." Nikamwahidi.

Siku ya pili mwezi ulikuwa mpevu. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Katika bamvua huku kwetu maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi, yakaenda mpaka karibu na mwamba, na hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri. Asubuhi yote watoto wangu walitazama mchanga mtupu, mawe na mwani uliosukumwa na kusi. Mimi niliyekulia majini nilikuwa nimelipia chumba cha ufukweni bila ya kuhesabu mwezi. Ilipofika alasiri bahari ikajaa, ikawa nzuri ajabu. Na saa kumi ndiyo saa ya kuwatazama wagonjwa.

Watoto walilia wapate kuoga. Nikasema nusu saa tu. Nusu saa ikawa saa nzima, na kuwavika nguo kukachukua muda wake. Tuliposimamisha matatu kulikuwa na mvua. Tangu Bamburi magari yalisimama, yakasogea, yakasimama tena, na kabla ya Daraja la Nyali hayakusogea kabisa. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Tulipolivuka giza lilikuwa limeingia. Bawabu wa hospitali alinionyesha saa ya ukutani. Alikuwa na haki, nami sikubishana naye.

Basi letu la kurudi lilikuwa alfajiri. Siku ya sita baada ya kufika nyumbani, simu ilikuja.

Sikusimulia haya ili nilaumu mvua, wala magari, wala hoteli, kwani chumba kilikuwa kisafi na watu wake wana adabu. Lawama ni yangu. Nilikwenda Mombasa kwa ajili ya mgonjwa, nikachagua mahali pa kulala kama mtu aliyekwenda kuogelea.

NIA

Mombasa ni kisiwa, na anayesahau hilo hulipa kwa saa zake. Magharibi huingiwa kwa Makupa, kaskazini kwa Daraja la Nyali, na kusini kwa feri ya Likoni. Jamaa zetu watokao Nairobi kwa treni iliyoanza mwaka 2017 hushuka Miritini, nje ya kisiwa. Mwenye siku tatu asichague malazi yatakayomvusha maji kila asubuhi na kila jioni, ila kama shughuli yake yenyewe iko ng'ambo.

Aliyekuja kuoga baharini na kupumzisha watoto, na ajifikie Nyali, Bamburi au Shanzu bila ya wasiwasi. Bamburi pana ufuko wa umma ambapo watu wetu hujazana siku za Idi. Lakini ahesabu mwezi kwanza. Katika maji mafu bahari haiendi mbali, na kujaa kwake huangukia karibu na saa nne asubuhi, jambo linalowafaa watoto. Mwenye wake na mabinti aulize pia kama hoteli ina mahali pa kuogea penye sitara, na kama muziki na ulevi viko chini ya dirisha lake.

Anayetaka mchanga mweupe wa Diani na avuke Likoni, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, na akae huko huko. Asijidanganye kwamba atalala Diani na kuhudhuria arusi Kibokoni kila usiku.

Mwenye kungoja basi la alfajiri tu, gesti za Mwembe Tayari zamtosha. Hapo atazame usafi wa shuka, kitasa cha mlango, na chandarua kisichotoboka.

Ama aliyekuja kwa ajili ya watu, awe na mgonjwa, arusi, maziko au hitima, kwa maoni yangu hapana mahali kama Mji wa Kale au jirani yake. Toka Kibokoni waweza kwenda kwa miguu hadi Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Misikiti iko kila upande, na miongoni mwao ni ule wa Mandhry wa karne ya kumi na sita. Adhana itakuamsha bila ya saa. Mahamri na mbaazi utayapata asubuhi, na usiku viazi karai na mishkaki, na hutahitaji kuuliza nyama imechinjwa na nani. Omba chumba cha juu kinachopata upepo. Kuta nene za mawe hupunguza joto, lakini chumba cha chini kisichokuwa na dirisha ni tanuri mwezi wa Machi. Na popote utakapokwenda, uliza kabla ya kulipa: maji yapo mchana kutwa, au huja kwa ndoo? Mwenye kutawadha mara tano hawezi kulipuuza swali hilo.

Huko hakuna bahari ya kuogea nje ya mlango. Lakini jioni waweza kuwachukua watoto Lighthouse, wale muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, wanywe madafu, watazame meli zikiingia Kilindini. Wangu walifurahi hapo kuliko walivyofurahi Shanzu, na ilitugharimu kidogo sana.

MARA YA TATU

Safari ya tatu ilikuwa ya hitima ya shangazi. Safari hii nilifanya nisilolifanya mwanzo: nilimpigia binamu simu kabla ya kutoka nyumbani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tutalala Kibokoni, nimekwisha kulipia chumba. Lakini chakula chetu ni kwako, na watoto wako nitawataka waje walale kwetu usiku mmoja, chumba ni kikubwa."

Alinyamaza. Nikasikia televisheni yao, na sauti za mabinti. Nikadhani atasema maneno ya mama yake. Nilikuwa sijawahi kumwambia kuwa usiku ule nilimwona jikoni, na sikumwambia hata hapo. Lakini nadhani alifahamu.

"Haya," akasema. "Mchana mtakula kwetu, usiku mtakula kwetu, na asubuhi nitakuleteeni mahamri mimi mwenyewe. Lakini nakuomba neno moja."

"Sema."

"Watu wakikuuliza siku ya hitima umefikia wapi, waambie umefikia kwangu."

Siku ya hitima waliniuliza kama kawaida. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alinishika mkono kabla sijavua viatu. Nikamjibu kuwa nimefikia kwa binamu yangu, Tudor. Wala sikuona kuwa nimesema uongo.