Stima ya taa na stima ya kiyoyozi: uzi

1/ Kila msimu wa kampeni visiwa vinaahidiwa stima. Stima gani? Nachukua mfano wa mtu anayetaka kufunga kiyoyozi cha ukutani hapa kwetu Mkwiro, kisiwa cha Wasini.

2/ Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto la chumbani na kulitupa nje. Hata kile kidogo cha BTU 9,000 kinakula kama wati 800. Balbu ya LED inakula 8 hivi. Yaani balbu 100 kwa mpigo!

3/ Kwa hivyo sola ndogo ya taa na kuchaji simu haikiwezi. Wala haiwezi mtambo wa barafu, ambao mvuvi anauhitaji kuliko kiyoyozi.

4/ "Hiyo kazi ya kaunti!" "La, ya serikali kuu!" Sera ya kawi ni ya kitaifa, lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja usambazaji wa umeme kwa ngazi zote mbili. Asikuzungushe mtu.

5/ Mgombea akisema "stima nimeleta", muulize: wati ngapi? Saa ngapi kwa siku? Na betri ikifa, nani analipa?